Vyaelea Vimeundwa: Somo la Victor Wanyama kwa Shule za Eastlands

Wahenga walinena kwamba vyaelea vimeundwa. Anayelitazama jahazi likikata mawimbi na asijiulize ni fundi gani aliyezichonga mbao zake, huyo ameona nusu tu ya jambo. Ndivyo tulivyo sisi Wakenya kuhusu wanasoka wetu waliong'ara ughaibuni. Tunawashangilia wakishafika, tunabishana juu yao katika matatu na vibandani, tunawapa watoto wetu fulana zenye majina yao, lakini ni nadra tuulize waliundwa wapi, waliundwa na nani, na kwa gharama ya nani. Leo nataka kuliuliza swali hilo kuhusu mtu mmoja, Victor Mugubi Wanyama, kiungo aliyekuwa nahodha wa timu yetu ya taifa, Harambee Stars. Naliuliza kwa sababu karakana alimoundwa ipo hapa hapa Eastlands, na kwa sababu karakana hiyo inabomolewa huku tukitazama.

Mimi ni mwalimu na mkazi wa Umoja. Mtaa huu ulipoanza kujengwa katika miaka ya 1970, kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani, ulikuwa wa nyumba za chini zenye nyua ndogo, nyumba za wafanyakazi wa kipato cha kadiri. Leo nyua hizo zimekwisha. Palipokuwa na nyumba moja pamesimama ghorofa ya orofa sita au saba, na katika kila orofa mna familia kadhaa zenye watoto. Watoto wameongezeka mara nyingi, lakini ardhi ya kuchezea haijaongezeka hata hatua moja. Kwa hakika imepungua. Saa kumi na moja jioni utawaona vijana wakipiga gozi barabarani, mawe mawili yakiwa milingoti ya goli, na kila matatu ipitapo mchezo husimama. Miongoni mwao wamo wenye vipawa, sina shaka. Swali ni kama kipawa chaweza kukomaa katikati ya magari.

Victor Wanyama alizaliwa tarehe 25 Juni 1991, akalelewa katika mtaa wa Muthurwa, makao ya wafanyakazi wa reli tangu enzi za ukoloni. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards katika miaka ya 1980. Kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa kiungo vilevile. Wote wawili walisoma katika Shule ya Upili ya Kamukunji, shule ya umma isiyo na majengo ya kifahari wala karo za kutisha. Victor alipitia Nairobi City Stars na AFC Leopards, na mwaka 2007, akiwa kijana wa miaka 16, akamfuata kakaye Sweden katika klabu ya Helsingborg. Mariga alipohamia Parma ya Italia, mdogo mtu alirejea nyumbani. Nawaomba wanafunzi wayashike maneno hayo: alirejea nyumbani. Safari yake ya kwanza haikumfikisha popote, na wengi wangalikata tamaa hapo. Mwaka 2008 aliondoka tena, safari hii kwenda Beerschot ya Ubelgiji, akakaa huko miaka mitatu akijifunza kazi.

Kutoka Ubelgiji alikwenda Celtic ya Scotland mwaka 2011, akatwaa ubingwa wa ligi mara mbili. Julai 2013 Southampton walimnunua kwa pauni milioni 12.5, bei ambayo hakuna klabu ya Scotland iliyokuwa imepata kulipwa kwa mchezaji kabla ya hapo, naye akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Mwaka 2016 alihamia Tottenham, na msimu wake wa kwanza klabu hiyo ilimaliza ligi katika nafasi ya pili. Kisha goti likamsumbua. Februari 2018 aliwaduwaza Liverpool uwanjani Anfield kwa kombora lililochaguliwa kuwa bao bora la mwezi, lakini nafasi yake katika kikosi ilikuwa imeanza kuyumba. Machi 2020 alikwenda Montreal, Canada, akacheza huko hadi mwisho wa msimu wa 2023, na mwaka 2025 akarudi Scotland kwa muda mfupi katika klabu ya Dunfermline.

Hiyo ndiyo ramani ya safari yake. Lakini ramani si safari, na mwalimu anayewasomea wanafunzi orodha ya vilabu na bei hajawafundisha lolote. Yafaa tuitazame kazi yenyewe.

Kiswahili kimemtendea haki mchezaji wa aina yake kuliko lugha nyingi. Waingereza humtaja kwa mahali anaposimama, yaani katikati ya uwanja. Sisi tumemtaja kwa kazi afanyayo: kiungo. Neno hilo hilo hutaja mahali mifupa miwili inapokutana, na hutaja pia bizari na iliki zinazokipa chakula ladha. Mfupa uwe na nguvu kiasi gani, pasipo kiungo haupindi wala hausongi mbele. Mchuzi ukikosa viungo, kila mlaji atajua kwamba pana kitu kimepungua, ingawa ukiwa navyo hakuna atakayevisifu, atasifu nyama. Ndivyo alivyo kiungo mkabaji. Hafungi mabao mengi, wala picha yake haitangulii magazetini. Kazi yake ni kunusa hatari kabla haijatokea, kuukata mpira, na kumpa mwenzake aliye karibu ili mwenzake aonekane.

Tarehe 7 Novemba 2012, Celtic waliwakaribisha Barcelona mjini Glasgow katika Ligi ya Mabingwa Barani Ulaya. Barcelona, wakiwa na Lionel Messi katika ukali wake, waliumiliki mpira kwa zaidi ya asilimia 80 ya mchezo. Kwa hesabu ya kawaida, timu iliyoshika mpira kwa muda huo wote haishindwi. Lakini katika dakika ya 21 kona ilipigwa, na kijana wa Muthurwa, mwenye umri wa miaka 21, akaruka juu ya mabeki na kuutia mpira wavuni kwa kichwa. Celtic walishinda 2-1. Dunia inalikumbuka bao lile, na ni haki yake likumbukwe. Mimi, hata hivyo, huwaambia wanafunzi wangu wazikumbuke dakika nyingine zote ambazo Wanyama na wenzake walikimbia bila mpira, wakiziba njia, wakikataa kuchoka. Aliyeshinda usiku ule ni aliyejua kufanya kazi bila kuwa na mpira. Mwanafunzi anayejisomea usiku chini ya taa hafifu pasipo mtu wa kumpigia makofi anaifanya kazi ya kiungo. Mwalimu anayesahihisha madaftari sitini Jumapili jioni naye pia ni kiungo.

Sasa nirudi kwa mafundi walioliunda jahazi. Kwa maoni yangu walikuwa watatu: uwanja, shule, na mtu aliyetangulia.

Nianze na uwanja. Wakoloni waliowajengea Waafrika makazi katika upande huu wa mashariki hawakuwa wakarimu. Walijenga vyumba vidogo, wakahesabu kila tofali. Hata hivyo, waliacha nafasi wazi. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulipewa ukumbi wa kijamii na viwanja vyenye nyasi. Kizazi baada ya kizazi cha wanasoka kilitoka katika mitaa iliyo kandokando ya Barabara ya Jogoo kwa sababu palikuwa na mahali pa kukimbilia. Ni aibu iliyoje kwamba sisi tuliojitawala tumeshindwa kuwapa watoto wetu kile ambacho hata mkoloni bahili hakuwanyima watoto wa vibarua wake!

Haya si manung'uniko matupu. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilichunguza unyakuzi wa ardhi ya umma, na ripoti yake ya mwaka 2004 ikaeleza jinsi viwanja vya michezo, ardhi ya shule, misitu na hata sehemu za makaburi zilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road hapa Nairobi waliporudi kutoka likizoni, walikuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipojaribu kuudai, polisi waliwarushia vitoa machozi. Watoto wa shule ya msingi, wakiwa wamevaa sare, walilia barabarani kwa sababu ya uwanja wa kuchezea. Ghadhabu ya umma ilikuwa kubwa, uwanja ukarudishwa, na serikali ikaahidi kwamba kila shule ya umma itapewa hatimiliki ya ardhi yake. Nawauliza walimu wakuu wanaoisoma safu hii: hatimiliki ya shule yako iko wapi? Umeiona kwa macho yako? Ukuta wa Lang'ata ulijengwa wakati wa likizo, na likizo huja mara tatu kwa mwaka.

Fundi wa pili ni shule. Hapa nataka kujibu hoja ambayo mwalimu mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu kwa miaka yake mingi ya kufundisha, aliniambia chumbani mwa walimu. "Mwalimu," alisema, "wewe unawapotosha hawa vijana. Kwa kila Wanyama mmoja wako maelfu waliovunjika magoti na hawana hata cheti. Waache wasome."

Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Maisha ya uwanjani ni mafupi. Wanyama aliondoka Tottenham akiwa na umri wa miaka 28, akastaafu kuichezea timu ya taifa Septemba 2021 akiwa na miaka 30, na alipoagana na Montreal alikuwa na miaka 32. Katika umri huo mwalimu au daktari ndiyo kwanza anaanza kushika kasi. Mchezaji ana miaka 30 mbele yake ya kuishi bila mpira, na ole wake ikiwa hana jambo lingine kichwani. Tena huyo ndiye aliyefanikiwa. Asiyefanikiwa huyaonja hayo akiwa na miaka 20.

Lakini hebu tuitazame hoja hiyo upande wa pili. Hakuna mtu anayependekeza kufunga maabara ya shule kwa sababu ni wanafunzi wachache watakaokuwa wanasayansi. Mwalimu wa Fasihi hafungi maktaba kwa kuwa si kila mtoto atakuwa Shaaban Robert. Twafundisha haya yote kwa sababu yanamjenga mtu mzima, na kwa sababu hatujui ni yupi kati ya arobaini walio mbele yetu aliye na cheche. Wanyama na Mariga hawakulazimika kuchagua kati ya kitabu na mpira. Shule ya umma iliwapa vyote viwili chini ya paa moja. Anayemwambia mtoto achague ndiye anayemfukuza. Kijana mwenye kipawa akikosa timu shuleni, huitafuta mtaani, na akishazoea kuikimbia shule kwa ajili ya mazoezi, hairudii. Palipo na timu nzuri ya shule, mpira ndio kamba inayomfunga darasani, kwa maana akikosa masomo hachezi.

Badala yake, sisi walimu tumefanya nini? Tuseme ukweli. Katika shule nyingi, kipindi cha mazoezi ya viungo kipo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani ili mkaguzi aione, lakini mtihani ukikaribia hugeuzwa kuwa kipindi cha hisabati. Wakati mwingine wanafunzi huachiwa saa hiyo wakae chini ya mti kwa kuwa hakuna mpira, na mpira ukiwapo hakuna uwanja. Katika shule kadhaa za kibinafsi zilizochipuka mitaani mwetu katika majengo ya kupangisha, mchezo wa pekee unaowezekana ni kuruka kamba juu ya sakafu ya saruji.

Jambo hili lilikuwa baya tangu zamani, lakini sasa limekuwa la dharura. Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, wakitakiwa kufuata mmoja kati ya mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Kwa mara ya kwanza serikali yetu imekiri rasmi kwamba mchezo ni somo linaloweza kumpa mtu riziki. Naliunga mkono wazo hilo kwa mikono miwili. Lakini nauliza: shule isiyo na uwanja itafundishaje sayansi ya michezo? Kwa kuchora goli ubaoni? Wizara ya Elimu isingeliruhusu shule ifundishe kemia pasipo maabara. Basi isiiruhusu ifundishe michezo pasipo uwanja, au angalau pasipo mkataba wa maandishi wa kutumia uwanja wa jirani. Vinginevyo mkondo huo utakuwa kapu la kutupia wale tuliowaona hawawezi mengine, na hapo tutakuwa tumewadhulumu mara mbili.

Fundi wa tatu ni mtu aliyetangulia. Bila Mariga, pengine tusingekuwa na Wanyama. Kaka ndiye aliyefika Sweden kwanza, mwaka 2005, akaonyesha kwamba njia ipo. Na njia hiyo haikuwa laini. Januari 2010 Mariga alikubaliana na Manchester City, lakini ombi lake la kibali cha kazi likakwama. Kanuni za Uingereza wakati huo zilidai mchezaji kutoka nje ya Ulaya awe wa nchi iliyo miongoni mwa 70 za kwanza katika orodha ya FIFA, na Kenya haikuwamo. Kijana hakukosa kwa miguu yake. Alikosa kwa sababu ya hali ya soka ya taifa lake. Mlango huo ulipofungwa alijiunga na Inter Milan, na kabla mwaka wa masomo haujaisha klabu hiyo ilikuwa imetwaa ligi, kombe la Italia na Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Fainali ilichezwa Madrid tarehe 22 Mei 2010, Mariga akiwa kwenye benchi la akiba. Miaka tisa baadaye, tarehe 1 Juni 2019, Tottenham walicheza fainali ya kombe hilo hilo katika mji huo huo wa Madrid, na kwenye benchi lao alikuwapo mdogo wake. Nyumba moja ya Muthurwa ilipeleka vijana wawili kwenye fainali mbili za Ulaya. Hakuna aliyeingia uwanjani, lakini ni nyumba ngapi duniani ziwezazo kusema hivyo?

Kisa cha kibali kina somo kwa wakuu wa soka. Mchezaji mmoja hawezi kuibeba nchi mabegani, lakini nchi yaweza kumwangusha mchezaji mmoja. Wanyama aliiongoza Kenya hadi Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 kule Misri, mara yetu ya kwanza kufika huko tangu 2004. Tuliwashinda majirani zetu Watanzania 3-2, tukafungwa na Algeria na Senegal, ambao ndio waliokutana katika fainali. Haikuwa aibu. Aibu ilikuja baadaye, Februari 2022, FIFA ilipoifungia Kenya kwa miezi tisa kwa sababu ya mvutano juu ya uongozi wa shirikisho, na vijana wasio na hatia wakapoteza msimu. Desemba 2024 Mariga mwenyewe alichaguliwa kuwa naibu rais wa Shirikisho la Soka la Kenya. Yeye hahitaji kuelezwa kilichomfunga nje ya Manchester. Tuna haki ya kumtazamia mengi.

Nisieleweke kwamba napinga viwanja vikubwa. Kenya, Uganda na Tanzania ziliteuliwa mwaka 2023 kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na ni fahari kwetu sote. Lakini uwanja wa watazamaji 60,000 haumzai mchezaji, humpokea akishazaliwa. Mchezaji huzaliwa katika kipande cha vumbi nyuma ya shule, penye mwalimu mwenye filimbi na mpira mmoja uliochakaa. Sehemu ndogo sana ya fedha zinazomwagwa katika viwanja vikubwa ingetosha kuzipimia, kuzizungushia ua na kuzisawazishia shule za umma za Umoja, Kayole, Dandora na Mathare ardhi zao.

Nahitimisha kwa maombi machache. Walimu wakuu, itafuteni hatimiliki ya shule muhula huu, na mkiikosa muiandikie Wizara na Tume ya Ardhi kabla ya likizo ijayo. Walimu wenzangu, kipindi cha mazoezi ya viungo ni cha mtoto, si cha silabasi iliyochelewa, tusikiibe. Shule zenye viwanja vipana, fungueni malango Jumamosi kwa watoto wa shule jirani zisizo navyo, chini ya uangalizi wa walimu. Madiwani wetu, kabla ya kuidhinisha ghorofa nyingine, ulizeni watoto wa orofa zile saba watachezea wapi.

Na ninyi wanafunzi, msiniambie kwamba mnataka kuwa Wanyama. Niambieni kwamba mko tayari kukimbia dakika tisini bila kuushika mpira, kurudi nyumbani kutoka safari ya kwanza iliyoharibika na kuondoka tena, na kumpa mwenzenu pasi ili yeye ashangiliwe. Mkiniambia hivyo nitawaamini. Kwa upande wetu sisi watu wazima, deni letu ni moja nalo laeleweka: kuhakikisha kwamba siku mtakapokuwa tayari, uwanja utakuwapo.